Mazungumzo ya Jamaa: Mbwa wa Tatu

Pengine wengine wenu watacheka wakiona kwamba juma hili ukurasa wetu wa jamaa wataka kusema habari za mbwa. Watauliza: Je, mambo ya ndoa yamekwisha? Karo za shule zimelipwa zote? La, hayajakwisha, nasi tutayarudia. Lakini wazazi watatu wametuuliza swali moja, mmoja kwa barua na wawili mlangoni pa kanisa: mbwa wao amekufa kwa maradhi ya kuambukiza, watoto wanalia, jirani ana watoto wa mbwa, je, wachukue mmoja leo? Swali hilo twalijua sana. Sisi wenyewe tulilijibu vibaya, na kosa letu lilimwua mnyama asiye na hatia. Basi heri tusimulie jinsi mambo yalivyokuwa, bila kuficha.

Mbwa wetu wa kwanza aliitwa Watasema. Jina hilo alipewa na nyanya yao watoto, maana siku aliyofika jirani walikuwa wakinong’ona kwamba mwalimu hana nyama ya kuwapa wanawe, sembuse mbwa. Alikuwa mwekundu, mwenye kifua cheupe, na mkia wake ulijikunja juu ya mgongo. Kijana wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka 9, alimpenda kupita kiasi. Walikwenda pamoja kuteka maji, wakarudi pamoja. Siku ya Dominika mbwa alimsindikiza mpaka kanisani, akalala nje kivulini hata Misa ikamalizika. Katekista wetu alizoea kusema kwamba amefanana na mbwa wa Tobia, yule anayetajwa katika Kitabu cha Tobiti wakati wa kuondoka na tena wakati wa kurudi, wala hakupewa jina.

Watasema alipotimiza miezi mitatu, waganga wa wanyama walifika mtaani kwetu kuchanja mbwa, ili wasipatwe na kichaa. Tulimpeleka, tukapewa karatasi yenye muhuri, tukaiweka sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo. Tangu siku ile tulikuwa na amani kabisa. Mtu akituuliza, tulijibu kwa majivuno: “Wetu amekwisha kuchanjwa.” Hatukujua kwamba chanjo ya kichaa hukinga kichaa tu. Kwetu sisi chanjo ilikuwa chanjo, kama vile ufunguo mmoja ufungue milango yote ya nyumba.

Mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha kila siku juu ya vilima vya Bukavu na njia zote kuwa matope, Watasema hakugusa chakula asubuhi. Adhuhuri akaanza kutapika povu. Usiku akahara damu, yenye harufu ambayo aliyeinusa mara moja haisahau. Tulimpa maji ya mchele, wengine wakatuletea majani machungu. Siku ya tatu alikufa kichwa chake kikiwa juu ya miguu ya kijana wetu. Alikuwa hajatimiza miezi sita.

Mtoto alikataa kula siku mbili. Mzazi gani aweza kutazama jambo hilo na kunyamaza? Siku ya nane mama mmoja wa kwaya, mwenye moyo mwema sana, alikuja na kikapu. “Baba Furaha,” akasema, “mtoto asilie tena. Mchukueni huyu, mama yake anao wengine watano.” Ndani ya kikapu mlikuwa na mtoto wa mbwa mwenye umri wa miezi miwili, mweusi, macho bado yana rangi ya maziwa. Tulimshukuru Mungu na huyo mama. Usiku ule mtoto wa mbwa alilala juu ya gunia la Watasema, akala katika bakuli la Watasema, akacheza chini ya migomba ambapo Watasema alitapikia. Hatukumpa hata siku ya kuwa na jina. Siku ya saba akaanza kutapika, na kabla ya jua kuchwa siku ya nane alikuwa amekufa.

Ndipo tulipokwenda kwa mganga wa wanyama, kama watu wanaoleta ndoo baada ya nyumba kuungua. Yule mzee hakutukemea. Alituuliza maswali matatu au manne, akatikisa kichwa, akasema: “Mwalimu, haya ni maradhi ya parvo. Mbwa wa kwanza aliyaokota njiani. Yule wa pili aliyakuta kwako.”

Yafaa tueleze maneno yake, maana ndiyo yatakayowasaidia wale waliotuuliza.

Parvo ni maradhi mapya. Wazee wetu, waliojua dawa za mbuzi na kuku na hata za mbwa wa kuwinda, hawakuyajua, kwa sababu hayakuwako. Yalitambuliwa mwaka 1978, na katika muda wa miaka miwili hivi yalikuwa yameenea karibu dunia nzima. Hayawashiki watu. Lakini virusi vyake, vidogo kupita kadiri ya jicho, hutoka kwa wingi sana katika mavi ya mbwa mgonjwa, navyo ni vigumu kufa. Sabuni ya kawaida haiviui. Jua kali na ukavu huvidhoofisha polepole. Lakini mahali penye kivuli na unyevunyevu vyaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Huchukuliwa na viatu, na magurudumu ya baiskeli, na mikono. Mbwa akiisha kuvipokea, kwa kawaida zapita siku tatu mpaka saba, mara nyingine hata kumi na nne, kabla hajaonekana mgonjwa. Tulihesabu kwa vidole. Siku saba: tangu kikapu mpaka kutapika.

Mzee akatuonya tusifikiri kwamba kila maradhi ya mbwa ni sawasawa. Yako maradhi mengine ambayo waganga wa kwetu wayaita ya Carré, kwa jina la Mfaransa Henri Carré, aliyeonyesha mwaka 1905 kwamba yaletwa na virusi. Mbwa hutoka usaha machoni na puani, hukohoa, na mara nyingine mwishoni hutetemeka na kuanguka kama mwenye kifafa. Virusi vya Carré ni vikali mwilini, lakini nje ya mwili ni dhaifu: joto, ukavu na sabuni huviua upesi. Jamaa iliyopoteza mbwa kwa Carré yaweza kuosha nyumba na kungoja majuma machache tu. Iliyopoteza mbwa kwa parvo haina budi kufikiri habari za miezi. Kwa hiyo ni lazima kujua mbwa alikufa kwa nini. Sisi hatukuuliza.

Hapo tulijitetea kidogo. Tulisema kwamba mbwa wa nchi hii ni wagumu, wameishi karne nyingi bila sindano. Mzee akacheka. “Wagumu unaowaona njiani,” akasema, “ndio waliopona. Wale waliozikwa utawahesabu wapi?”

Baadaye tulisoma habari iliyotufunga mdomo kabisa. Katika misitu ya Kongo wako mbwa wadogo wa wawindaji, wasiobweka kama mbwa wengine, ambao huvikwa kengele ya mti shingoni ili bwana wao awasikie majanini. Mwaka 1895 wawili wa namna hiyo walionyeshwa kule London, katika maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts, na watu wakastaajabu. Hawakuishi, waliuawa na maradhi hayo hayo ya Carré, miaka kumi kabla Carré hajatambua asili yake. Mwaka 1923 bibi mmoja Mwingereza, Lady Helen Nutting, alichukua sita kutoka Sudani. Hao nao walikufa baada ya kuchanjwa, kwa maana dawa ya kinga ya siku zile ilikuwa bado ya kubahatisha. Ilikuwa katika miaka ya 1930 tu kwamba Olivia Burn, aliyewachukua katika Kongo, alifaulu kuwazalisha Uingereza. Mwaka 1937 watoto wao wakaonyeshwa Crufts, na watu wakajipanga kuwatazama. Leo mbwa hao wafugwa katika nchi nyingi, nao huitwa Basenji. Jina lenyewe latukumbusha neno “washenzi”, neno ambalo wazazi wetu waliitwa nalo na hatulipendi. Mbwa, kwa bahati yao, hawakulalamika. Basi ikiwa mbwa wa msituni, mwenye mbio na akili, alianguka mara ya kwanza na mara ya pili, kifua cheupe cha Watasema kingemkinga kwa nini?

Tuliporudi nyumbani kijana wetu alikuwa akitungoja. Akauliza: “Baba, yule mdogo ni sisi tuliomwua?”

Tunakiri kwamba jibu la kwanza lililotujia midomoni lilikuwa uongo. Wazazi wengi husema: amekwenda safari, Mungu alimhitaji, na mambo kama hayo, halafu hufika siku ambayo mtoto aliyedanganywa juu ya mbwa hatasadiki tena tunalomwambia juu ya Mungu. Tulikaa naye kwenye kizingiti, tukamwambia: Ndiyo, tulimleta mahali palipokuwa na maradhi, na hatukujua, lakini mimi baba yako ningeweza kuuliza, na sikuuliza. Alilia sana, zaidi kuliko siku ya Watasema. Kisha akauliza tufanye nini. Katika katekisimu tumemfundisha kwamba aliyeiba hutubu kwa kurudisha. Hatukuweza kurudisha mbwa. Tuliweza kusafisha nyumba.

Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Gunia na kamba na bakuli la mti vilichomwa, maana mti hunywa uchafu. Bakuli la bati lilibaki. Mavi yote yaliokotwa kwa jembe na kuzikwa shimoni, mbali na maji. Sakafu ya saruji ilisuguliwa kwanza kwa maji na sabuni, mpaka uchafu wote umetoka, ndipo tukapiga maji ya javeli: kipimo kimoja cha javeli ya nyumbani kwa vipimo thelathini vya maji, yakae dakika kumi kabla ya kusuuza. Mzee alisisitiza mambo mawili. Javeli ikimwagwa juu ya uchafu hupoteza nguvu yake bure, kwa hiyo kuosha hutangulia. Tena isichanganywe na dawa nyingine za kusafishia, kwa maana huweza kutoa moshi wa kuumiza kifua. Akatuambia pia tuchague javeli mpya. Ile iliyokaa juani katika chupa nyeupe sokoni hubaki harufu tu.

Lakini udongo hauoshwi kwa javeli. Hapo hakuna werevu wowote. Tulikata majani ya migomba ili jua lifike chini, tukafagia, tukaacha. Mama watoto hakupenda kuona migomba yake imenyolewa, na kusema kweli ilizaa kidogo mwaka ule.

“Sasa mbwa mwingine lini?” kijana akauliza juma lile lile. Tukajibu: “Bado.”

Mzee alikuwa ametupa njia mbili. Njia ya kwanza ni kungoja mwaka mzima au zaidi. Njia ya pili, iliyo bora, ni kutoingiza nyumbani mtoto wa mbwa asiyekamilika chanjo zake. Ama mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa, ama mdogo anayebaki kwa mama yake, katika nyumba isiyopata maradhi, mpaka amalize. Sisi tuliziunganisha zote mbili kwa kadiri ya uwezo wetu, maana mtu aliyeumwa na nyoka hukimbia kamba.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo hata wasomi hawalijui. Kwa nini mtoto wa mbwa huchanjwa mara tatu dhidi ya parvo na Carré, wala si mara moja? Ni kwa sababu ya wema wa mama yake. Katika maziwa ya siku ya kwanza, mama mwenye kinga humpa mwanawe kinga hiyo. Kinga ya mama humlinda mdogo majuma kadhaa, kisha hupungua siku kwa siku. Lakini ingaliko, huipiga vita hata dawa ya chanjo, kama mlinzi asiyemtambua mwenzake anayekuja kumpokea zamu. Halafu huja siku chache za hatari, ambapo kinga ya mama imekwisha kuwa haba mno kuzuia maradhi, ila bado yatosha kuharibu chanjo. Siku hizo si sawa kwa kila mbwa, wala hakuna azijuaye kwa kumtazama. Ndiyo maana mganga huanza katika juma la sita au la nane, na kurudia kila baada ya majuma matatu au manne, mpaka mdogo atimize majuma kumi na sita. Anayeacha baada ya sindano ya kwanza, akiona mbwa wake ananenepa, amejenga ukuta akaacha mlango wazi.

Tena dawa yenyewe hukaa katika baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Muulizeni mganga aitoe katika friji mbele ya macho yenu, msione haya. Dawa iliyozungushwa sokoni mfukoni mwa mchuuzi ni maji tu, na fedha mliyotoa ni sadaka isiyo na altare.

Fedha, naam. Hatuwaambii kwamba mbwa atangulie daftari za watoto wala dawa ya malaria. Jamaa isiyo na fedha ya chanjo mwaka huu haitendi dhambi ikikaa bila mbwa mwaka huu. Tunasema tu kwamba mbwa wa bure si wa bure, na kwamba kilio cha mtoto ni ghali zaidi kikirudiwa.

Neno moja juu ya kichaa, kwa kuwa tumelitaja. Virusi vyake havikai nyumbani kungojea mbwa wa pili. Hatari yake ni kwa watu. Ikiwa mbwa wenu alibadilika tabia kabla ya kufa, akauma ovyo, akatokwa na mate, akashindwa kumeza, msiulize habari za mbwa mwingine. Ulizeni kwanza ni nani aliyeumwa, aliyekwaruzwa au aliyelambwa kwenye kidonda. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni, dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku ile ile. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Dawa ipo tangu siku zile; lakini dalili za kichaa zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayeokoka.

Turudi kwa kijana wetu. Mwezi wa Novemba mbwa wa rafiki yetu mmoja, upande wa pili wa mji, alizaa watoto wanne. Mmoja aliandikwa kwa jina letu. Kijana alitaka kwenda kumwona, tukamkataza: viatu vyake vilikuwa vimekanyaga udongo wetu. Akawa anauliza kila jioni baada ya sala: “Amechanjwa?” Tukajibu: ya kwanza, bado mbili. “Sasa?” Ya pili, bado moja. Akauza avoka za nyanya yake kando ya njia ili asaidie kulipa ile ya tatu, na tulipohesabu fedha tuliona amejinyima hata mandazi ya saa nne. Chanjo ya kichaa iliongezwa alipotimiza miezi mitatu. Baada ya sindano ya mwisho mzee alitaka juma mbili zipite tena. Mama watoto alisema hata maharusi hawangojewi hivi.

Alifika mwezi wa Machi, karibu mwaka mzima tangu Watasema, mwenye miguu mirefu kuliko mwili wake na rangi ya udongo. Si mtoto mchanga wa kubebwa kikapuni. Alikuja kwa miguu yake, amefungwa kamba mpya. Alinusa kizingiti, akanusa migomba, akalala juani katikati ya ua, mahali ambapo hakuna mbwa aliyelala kabla yake. Kijana hakumkimbilia. Alisimama mbali kitambo, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa, kisha akatutazama. Tukamwambia: “Sasa.”

Majuma mawili ya kwanza tulimtazama mbwa huyo kila asubuhi kwa hofu, tukichunguza chakula chake na mavi yake, jambo ambalo mwalimu hapendi kuonekana akilifanya. Alikula. Alikula na kiatu kimoja cha Dominika.

Dominika iliyofuata alimfuata kijana mpaka kanisani, akalala kivulini nje. Baada ya Misa Padre alimwona, akainama kumpapasa kichwa, akauliza jina lake.

“Bado,” kijana akajibu.

“Hamjampa jina mpaka leo?”

“Tumempa, Padre. Ndilo hilo.”